Dirisha la Mkwe

Kipande cha masizi kilidondoka kutoka paani kikaingia katika bakuli la mchuzi, mbele ya mgeni, na wanawake wote wawili wakakiona kikiingia.

Mwenye jiko alikuwa Apolinaria. Mgeni alikuwa Ngollo, mama yake Lugembe, na Lugembe ndiye aliyemwoa Tekla, binti wa pekee wa Apolinaria. Kwa hiyo huyu hakuwa mgeni hivi hivi. Alikuwa mkwe, ametoka Goweko kwa gari moshi tangu asubuhi, kavaa kanga ambayo haijaonja maji, na mchuzi wenyewe ulikuwa wa kuku aliyekuwa akitaga. Ngollo alikitoa kile kipande kwa ncha ya kidole, akakiweka ukingoni mwa bakuli, akaendelea kula. Angelalamika, Apolinaria angepata la kumjibu. Lakini alikula akasifu chumvi, na mtu akisifu chumvi katika mchuzi wenye masizi umjibu nini?

"Unisamehe, mkwe wangu," Apolinaria akasema.

"Masizi si sumu," Ngollo akasema, kisha akaanza kukohoa.

Alikohoa kwa adabu, mdomo kaufunika na ncha ya kanga, lakini alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Jiko lile halikuwa na dirisha. Lilikuwa na mlango mmoja mfupi, na moshi ulipotaka kutoka ulilazimika kupishana na watu mlangoni. Nyasi za paa zilikuwa nyeusi tii, ukuta wa nyuma umeegemea mti wa mpapai, na mvua ikinyesha Apolinaria alihamisha mafiga kutoka pembe hadi pembe akifuata pale pasipovuja. Alikuwa amelizoea. Jiko lako hulioni mpaka mtu mwingine akohoe ndani yake.

"Mkwe wangu, nitasema neno, usilichukulie vibaya," Ngollo akaanza, na Apolinaria akajua kwamba neno lenyewe ni baya. "Najua mimba ya kwanza mwali huja kuzalia kwa mama yake. Na mimi nilifanya hivyo. Lakini mtoto mchanga akae kwenye moshi huu, na mvua ndizo hizo zinakuja? Tekla abaki kule kwetu tu. Lugembe ametujengea jiko la matofali. Wewe utakuja kutusaidia."

Utakuja kutusaidia. Yaani Apolinaria aende Goweko kama jirani, akabidhiwe ndoo ya maji, wakati bintiye wa pekee anazaa chini ya paa la mtu mwingine. Alihisi uso wake unachemka kuliko chungu.

"Jiko langu linatengenezwa," akasema.

"Haya. Mtaanza lini?"

"Limeshaanza."

Ngollo akatazama huku na huku, akitafuta lilipoanzia. Hakupaona, na kwa hisani yake hakuuliza. Wakakubaliana kwamba Ngollo mwenyewe atamleta Tekla mwezi wake ukikaribia. Jiko likiwa jiko, Tekla atabaki. Likiwa bado ni hili, watarudi wote wawili kwa gari la kesho yake.

* * *

Dionis, mumewe Apolinaria, alikuwa kibarua wa reli, kazi yake kupaka grisi kwenye magurudumu ya mabehewa. Jioni ile aliporudi mikono imemng'aa, alimkuta mkewe kakaa nje ya jiko akilitazama kama linadaiwa.

"Nimemwambia mkwe tumeshaanza kulitengeneza."

"Kwa kitu gani?"

"Mimi nimeanza kwa mdomo. Wewe utaendelea kwa mikono."

Dionis akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na ndicho kilichomfanya Apolinaria ampende, na ndicho kilichomfanya siku nyingine atamani kumpiga na mwiko.

Kwanza walimwita fundi wa mjini, bwana mmoja mwenye futi ya kukunja inayochungulia mfukoni ili watu waione. Alilizunguka jiko, akaligusa kwa ncha ya kiatu, vumbi likamwagika. "Hili halitengenezwi," akasema. "Hili linazikwa." Akataja bei ya mazishi. Dionis alimshukuru sana, akamsindikiza hadi barabarani, akarudi anatikisika kwa kicheko, maana bei ile ilikuwa mshahara wake wote kuanzia mwezi ule hadi Pasaka.

Basi wakaanza wenyewe, kidogo kidogo. Nyuma ya shamba la mihogo kulikuwa na kichuguu kikubwa, na kila Mnyamwezi anajua kuwa udongo wa kichuguu hauna mfano: ukikauka haupasuki, na mafiga yake hayalipuki motoni. Dionis alichimba jioni, Apolinaria alikanyaga tope asubuhi, wakafyatua matofali kwa sanduku la sabuni lililotolewa kitako. Matofali ya kwanza yaliliwa na mbuzi wa jirani aliyependa chumvi ya udongo. Ya pili yalikanyagwa na mbuzi yule yule. Ya tatu Apolinaria aliyalinda kwa fimbo.

Paa lilikuwa shida zaidi. Nyasi hakuzitaka tena kabisa, na bati la dukani lilikuwa la watu wenye maduka. Lakini debe tupu la mafuta ya taa, ukilipasua ukalikunjua na kulinyoosha kwa nyundo, ni bati. Apolinaria alikuwa akiuza karanga za kukaanga kwenye stesheni, kwa hiyo akajaza kikapu chake, akaenda kwenye duka moja kubwa la mjini kubadilishana. Karani wa duka alikuwa kijana anayeketi benchi moja naye kanisani kila Jumapili. Siku hiyo hakumfahamu.

"Madebe ni ya wateja," akasema, akitazama juu ya kichwa chake.

"Nami ni mteja, mwanangu. Nanunua kwa karanga."

"Hapa tunapokea hela, mama. Sogea, unazuia mlango."

Alisogea. Alisimama juani, wateja wakiingia na kutoka, wengine wakimdhania mwombaji, na mmoja akamtupia senti kumi kikapuni. Aliona haya hadi kwenye nyayo. Lakini senti hakuirudisha, si alikuwa anajenga? Mwishowe mwenye duka akatoka kupunga upepo, akaona karanga, akachukua moja, halafu nyingine, halafu kiganja kizima, akauliza ni za nani. Wakapatana pale pale: kipimo cha karanga kwa debe tupu, na karani mwenyewe ayabebe hadi mlangoni. Karani alimfahamu ghafla. Alimpa shikamoo tatu.

"Marahaba," Apolinaria akamjibu mara moja tu.

Mwezi ule wote nguo zake zilinuka mafuta ya taa. Kanisani watu walimpisha benchi zima, naye akakaa kwa nafasi.

* * *

Jiko la zamani wakalibomoa, lakini kusimamisha ukuta ni kazi nyingine. Wa Dionis ulisimama siku moja ukalala ya pili. Habari zikafika Goweko kwa mdomo wa wafanyakazi wa reli, na jibu likarudi kwa mdomo huo huo: Lugembe anakuja Jumamosi na vyombo vyake vya ufundi.

"Haiwezekani," Apolinaria akasema. "Atajengaje jikoni kwangu?"

"Tofali juu ya tofali," Dionis akasema.

"Dionis, mimi sichezi."

Na kweli haikuwa jambo la mchezo. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawaitani kwa majina, hawali mbele ya macho ya wenzao. Wakiona wanakutana njiani mmoja anaingia porini hadi mwenzake apite, hata kama kuna miiba. Padri alishasema mara nyingi kwamba si dhambi kumwamkia mama mkwe, nao waumini walikubali kabisa kwamba si dhambi. Hakuna aliyewahi kusema ni dhambi. Ni aibu, na aibu padri hakuwa na dawa yake. Sasa jiko ndiko ndani kabisa kwa mama mkwe, ndipo mahali ambapo mkwe hatii mguu.

Dionis akatoa shauri. Jiko lisilo na paa wala moto si jiko, ni kiwanja. Lugembe afanye kazi kiwanjani, na Apolinaria akae kwa jirani yao Getruda, ng'ambo ya uzio wa mabua, mpaka jioni. Ikawa hivyo. Lugembe alifika na gari la asubuhi, kijana mrefu, mkimya, kofia ya ukili kichwani, akabisha hodi kwa kukohoa, akasubiri hadi akasikia mlango wa uzio ukifungwa, ndipo akaingia uani.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka maji yalipokwisha. Dionis alikuwa kazini. Apolinaria, jicho lake kwenye tundu la uzio, alimwona kijana akigeuza ndoo, akaitazama, akakaa. Mtungi ulijaa tele nyuma ya nyumba, naye hakujua. Kumwita hawezi. Kumtuma Getruda hakuweza pia, kwani Getruda alikuwa ameketi chini akicheka. Pale uani alikuwa akitembea kuku mmoja wa madoadoa.

"Wewe kuku," Apolinaria akasema kwa sauti, "mbona unahangaika na kiu? Mtungi si umejaa, nyuma ya nyumba pale?"

Ikajibu sauti ya mwanamume, ya unyenyekevu mwingi: "Kuku, asante. Hata mimi nilikuwa nayatafuta maji."

Tangu siku hiyo kuku wa madoadoa akawa na kazi. Kila Jumamosi hakukosa.

"Kuku, mwambie fundi ukuta wa mashariki naona umepinda."

"Kuku, mwambie mwenye jiko ukuta haujapinda. Labda ni tundu analochungulia."

Getruda alisema hajapata burudani kama ile tangu azaliwe, akawa hatoki nyumbani siku za Jumamosi. Apolinaria naye alicheka hadi akajishika mbavu. Akaona moyoni kwamba anampenda kijana huyu, na kwamba Tekla amepata mume, na hilo lilimfurahisha kuliko hata ukuta wa mashariki, ambao kwa kweli haukuwa umepinda.

* * *

Kosa lilikuwa lake, na yeye mwenyewe hakulikana.

Jumamosi moja lilipita stesheni gari lililojaa vijana wanaokwenda kukata mkonge, wenye njaa na wenye hela ya safari mfukoni. Karanga zake ziliisha kabla ya adhuhuri. Akasahau kwamba ni siku ya kukaa kwa Getruda, akarudi nyumbani na furaha yake, kikapu kitupu kichwani, anaimba wimbo wa kanisani, na miguu ikampeleka moja kwa moja mahali ilipokuwa imempeleka kila siku ya ndoa yake. Aliinama mlangoni mwa jiko, akaingia, akainua uso.

Lugembe alikuwa ndani, anasawazisha ukuta. Wakatazamana.

Jiko lilikuwa na mlango mmoja, na Apolinaria alikuwa ameuziba. Alipaswa kurudi nyuma. Alitaka kurudi nyuma. Lakini akabaki kashika kikapu, kinywa wazi, wimbo umekatikia katikati. Kijana naye akageuka kulia, akageuka kushoto, akauona ukuta wa nyuma, ule aliouinua asubuhi ile, matofali bado yana tope bichi, urefu wake kifuani. Akaukwea. Ukuta haukuwa tayari kukwewa. Ukaenda naye wote, tofali baada ya tofali, akaangukia upande wa pili, akainuka na tope mpaka kwenye nyusi, akakatiza shamba la mihogo kama mbuzi aliyefumwa, wala hakusimama hadi stesheni. Kofia yake ilibaki kwenye kifusi.

Dionis aliporudi akasimuliwa, alicheka mpaka akaketi chini. Kisha akamwona mkewe analia, akanyamaza.

"Amenikimbia kama nimemtolea meno."

"Amekuheshimu, mama Tekla."

"Heshima yake imeniangushia ukuta."

Alilia kwa uchungu hasa. Upande wa Igunga mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, yale ya kwanza, meusi chini meupe juu. Tekla alikuwa amebakiza mwezi wake tu. Na Ngollo angesikia kila kitu, kwamba mwanawe amekimbia jiko la Apolinaria kwa kuruka ukuta. Angecheka kwa adabu, ncha ya kanga mdomoni. Apolinaria alijiona tayari yuko Goweko, ndoo mkononi, anaulizwa kisima kiko wapi.

Jumamosi iliyofuata Lugembe hakuja. Apolinaria aliikung'uta ile kofia, akaitundika juu ya uzio mahali pa kuonekana, ndiyo namna pekee aliyoweza kusema nirudie. Yeye na mumewe wakajaribu kuinua ukuta, nao ukainuka, ukaegemea mpapai kama ule wa zamani, marehemu ndugu yake.

Siku ya Jumatano, wala si Jumamosi, kikohozi kikasikika nje. Apolinaria akakimbilia kwa Getruda na kuweka jicho tunduni. Lugembe alikuwa amesimama uani, kofia ameshaivaa, na kichwani juu ya kofia amebeba fremu ya mninga, mpya, imerandwa vizuri, kubwa kiasi cha mtu kupita.

"Kuku," akasema, huku akiutazama mpapai, "mwambie mwenye jiko fundi anaomba radhi kwa ajili ya ukuta."

"Kuku, mwambie fundi mwenye jiko hakubisha hodi. Mwambie aliona aibu sana."

"Mwambie hata fundi aliona."

Kuku alikuwa mbali anachakura, lakini hakuna aliyejali.

"Kuku, muulize fundi hicho ni kitu gani alichobeba."

"Ni dirisha."

"Dirisha gani kubwa hivyo? Majiko ya watu yana tundu la kutolea moshi, la kupita ngumi."

"Mwambie hili si la moshi," Lugembe akasema, na sauti yake ilikuwa nzito kwa haya. "Ni la fundi. Ikitokea tena, apite hapo asibomoe."

Getruda ikabidi aingie ndani kabisa akacheke kwenye mto.

* * *

Dirisha likasimama upande wa barabarani, kizingiti chake usawa wa kiuno, maana mtu anayekimbia hawezi kukwea juu sana. Barabara ile ilikuwa ya zamani, ile waliyopita wapagazi enzi za misafara, na mpaka sasa watu walipita mchana kutwa. Kila aliyepita alisimama.

"Mama Tekla, umefungua duka?"

"Mama Tekla, unga kibaba bei gani?"

"Nauza moshi," Apolinaria aliwajibu. "Wa leo umekwisha, njoo kesho."

Alijibu hivyo lakini alikuwa anaona haya. Nani aliwahi kuona jiko lenye dirisha kama la posta? Ngollo akiliona atasema nini? Ila kulikataa hakuweza. Kijana wa watu alikuwa amebeba mbao ile kichwani kutoka Goweko.

Paa likafuata. Boriti zilitoka porini, misumari ilitoka kwenye masanduku yaliyotupwa stesheni, ambayo Dionis aliing'oa na kuinyoosha juu ya jiwe, vidole vikiumia zaidi ya misumari. Madebe yaliyokunjuliwa yakapanda moja moja. Mwisho wakafika juu ya mafiga, pamebaki mahali pa kipande kimoja tu, na madebe yakawa yamekwisha. Na siku hiyo, Lugembe akiwa bado juu ya paa, ndiyo aliyoichagua Ngollo.

Walishuka kwenye gari la mchana, Tekla anatembea kwa kujishika kiuno, Ngollo nyuma yake na kitita ambacho hakukifungua. Aliamkia, akaketi sebuleni, akakiweka kitita miguuni.

"Naona jiko limeota kichwa," akasema. "Lakini limebaki na upara."

Apolinaria akatabasamu kwa meno tu. Nje, ngurumo ikapita upande hadi upande. Tekla alikuwa ameegemea ukuta, macho kayafumba, na jasho lilimtoka ambalo halikuwa la safari.

"Mama," akasema, "nadhani hata hiyo kesho ya kurudi sitaifikia."

Ngollo akainuka. Wanawake wale wawili wakatazamana juu ya kichwa cha binti, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa mgeni. "Kaa naye," Apolinaria akasema. Akaingia chumbani alikokuwa na debe lake la mwisho, lile la biashara, lililotunza karanga za stesheni. Akazimwaga zote mkekani. Akachukua patasi na nyundo akalipasua mwenyewe, pigo moja la kishindo baada ya jingine, na kila pigo lilimuuma, lakini aliendelea. Akalinyoosha, akalitupia juu ya paa bila kutazama aliyekuwa juu yake.

Mvua ikaja. Haikuanza kwa matone, ilikuja nzima. Lugembe alilala kifudifudi juu ya paa, debe likimpeperuka mkononi, misumari mdomoni. Mikono miwili haikutosha. Alihitajika mtu ndani, wa kulisukuma debe kwa chini likae palepale wakati anagonga. Dionis alikuwa kazini. Getruda alikuwa amekwenda mbio kumwita mkunga.

Apolinaria akaingia jikoni, akapanda juu ya kinu kilichogeuzwa, akashika mchi kwa mikono miwili akalisukuma debe juu. Maji yalimwagika usoni na mabegani. Mtu na mkwe wake walikuwa wametenganishwa na unene wa bati tu.

"Kuku," sauti ikaja toka juu, kwa shida, "mwambie mwenye jiko asogeze kidogo."

Kuku alikuwa chini ya ghala, kajikunyata, hana habari na mtu. Upepo ukalinyanyua debe. Apolinaria akalisukuma tena.

"Kuku hayupo," akasema kwa sauti kubwa. "Niambie mimi."

Mvua ikanyesha. Nyundo ilikuwa kimya. Akadhani hakusikia, au amesikia na ameshaliruka paa.

"Kushoto, mama," Lugembe akasema.

Akasogeza kushoto.

"Hapo hapo. Shikilia."

Akashikilia. Msumari ukapenya, wa pili ukapenya, na maji yaliyokuwa yakimwagika usoni yakapungua, yakawa matone, yakakoma. Apolinaria akabaki juu ya kinu, mchi mkononi, akisikiliza mvua ikipiga madebe yale juu ya kichwa chake isimpate. Alicheka peke yake. Angekuwa na mtu wa kucheza naye angecheza.

* * *

Tekla alijifungua alfajiri, mtoto wa kike, mwenye sauti. Mkunga Benedikta alipomaliza kazi yake akasema mzazi na mtoto wapelekwe penye joto, wakaogeshwe, na penye joto palikuwa mahali pamoja tu, jikoni.

Mafiga mapya ya kichuguu yalikuwa yamewashwa. Ngollo aliingia na sufuria ya uji, akaiteleka, akavuta kigoda. Apolinaria alimtazama kwa pembe ya jicho. Moto ulishika, moshi ukapanda, ukazunguka kidogo kama unatafuta njia ya zamani, kisha ukaliona dirisha ukatoka wote barabarani. Ngollo alivuta pumzi. Akavuta nyingine. Hakukohoa.

"Mkwe wangu," akasema akikoroga uji, "dirisha hili nani alilifikiria?"

"Mwanao."

"La kutolea moshi?"

Apolinaria aliinama juu ya beseni, akamwagia mtoto maji mgongoni. Alikuwa na nafasi ya kusema mengi, na mengine yangekuwa matamu. "La kutolea moshi," akasema.

"Basi kule kwetu hakutuwekea. Nakohoa kila asubuhi, nanyamaza tu nisimvunje moyo." Ngollo akafunika sufuria. "Ataliweka wiki hii hii, nikirudi. Mimi narudi kesho, peke yangu. Mwali abaki na mama yake, si ndiyo desturi?"

"Ndiyo desturi," Apolinaria akasema, na kwa furaha ikambidi ajifanye anatafuta taulo.

Kikohozi cha adabu kikasikika nje. Dionis, aliyekuwa amerudi toka zamu, akachungulia mlangoni. "Yuko hapo upande wa barabara," akasema. "Amesimama tangu mvua ilipokatika. Anaogopa hata kuuliza kama ni wa kike au wa kiume."

Apolinaria alimfunga mtoto kwa kanga kavu, akamnyooshea Ngollo ampeleke. Ngollo akainua mikono yake, mmoja una mwiko, mwingine una kifuniko.

"Mimi nina uji," akasema. "Mpe mwenyewe. Dirisha ni lako."

Tekla, aliyekuwa ameegemea ukuta wa mashariki na blanketi mabegani, akafumbua macho akamtazama mama yake. Apolinaria alivuta kanga ya kichwani hadi usoni, ilivyo adabu, akasogea dirishani. Kijana alikuwa amewapa mgongo, anaitazama barabara jinsi alivyozoea kuutazama mpapai, nguo zimemkaukia mwilini na tope lake.

Akasimama hapo na mtoto mikononi. Kisha akaisukuma kanga nyuma, uso ukabaki wazi.

"Geuka, baba," akasema. "Ni wa kike."

Lugembe akageuka. Alimwona, naye alimwona, na safari hii hakutazama kulia wala kushoto. Akavua kofia, akaibana kwapani, akapangusa viganja kwenye suruali mara kadhaa. Halafu akapitisha mikono yote miwili katika lile dirisha alilolijenga ili apate pa kukimbilia, akampokea mwanawe.